Gari Linalochemsha: Historia ya Maji Katika Injini

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno yaliyosomwa redioni yamechapwa hapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa kila msomaji.

Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limechapwa ili uweze kulisoma polepole, peke yako au pamoja na wenzako. Kama unayo motokaa au lori, au kama kazi yako ni udereva, litakufaa leo hii. Kama huna gari, litakufaa vilevile, kwa maana sote hupanda magari ya abiria, na wengi wetu tumekwisha kukaa kando ya barabara tukingoja injini ipoe.

Mambo huwa hivi. Gari linapanda mlima. Mshale wa kipimo cha joto unakwenda upande wa rangi nyekundu. Mara mvuke unatoka chini ya boneti. Dereva anasimama, utingo anashuka na dumu kutafuta maji, wanamimina, wanaondoka. Baada ya kilometa ishirini mambo ni yale yale. Ukimwuliza dereva gari lina nini, atakujibu, "Linachemsha." Ukimwuliza dawa yake ni nini, atakuonyesha dumu.

Katika somo hili nataka kukuonyesha kwamba dumu lile lilikuwa dawa ya haki mwaka 1888, lakini siku hizi si dawa tena. Kuchemsha si ugonjwa; ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo. Mganga mwenye akili hatibu homa kabla ya kujua imeletwa na nini. Na njia moja nyepesi ya kujua ni kutazama historia. Kila kifaa kilichomo katika mtambo wa kupoza injini kiliwekwa pale na watu, katika wakati fulani, kwa sababu ya shida fulani. Ukiifahamu ile shida, utafahamu pia gari litafanya nini siku kifaa chake kitakapoharibika.

JOTO LINATOKA WAPI?

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000. Aluminiamu, ambayo pistoni nyingi hutengenezwa kwayo, huyeyuka kwenye digrii 660. Chuma cha kusubu huyeyuka kwenye digrii 1,200 hivi. Basi injini ikiachwa bila kupozwa hujila yenyewe. Kwanza oili hupoteza utelezi wake, kisha pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda, na hapo ndipo mafundi husema injini imenoki.

Tena, katika mafuta unayoyanunua kwa fedha yako, theluthi moja hivi tu ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi katika ekzosi. Theluthi iliyobaki hubaki katika vyuma kama joto, nayo haina budi kuondolewa. Hesabu hii si sawasawa kwa kila injini, lakini yatosha kukuonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Joto linaloondolewa na maji hukaribia nguvu yote inayozungusha magurudumu.

Mjerumani Nikolaus Otto alipotengeneza injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, jambo hili lilikuwa likijulikana. Silinda ilivikwa kama koti, na ndani ya koti lile yalipita maji. Injini za namna hiyo zilisimama mahali pamoja katika karakana, na mtu aliweza kuziwekea pipa kubwa la maji kando yake. Shida ilianza siku injini ilipotiwa magurudumu. Nani atalibeba pipa?

BIBI BENZ NA MAJI YA NJIANI

Tarehe 29 Januari 1886, Mjerumani mwingine, Karl Benz wa Mannheim, aliandikisha haki ya uvumbuzi wa motokaa yake yenye magurudumu matatu. Injini yake ilikuwa na silinda moja tu. Kuhusu joto, Benz alichagua njia iliyo nyepesi kuliko zote: aliyaacha maji yachemke. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, mvuke ukapanda hewani na kulichukua joto. Njia hii ina nguvu, kwa maana maji yakigeuka mvuke huchukua joto jingi sana. Kasoro yake ni kwamba maji huisha.

Mwezi wa Agosti mwaka 1888, mkewe, Bertha Benz, aliondoka Mannheim pamoja na vijana wake wawili, Eugen na Richard, bila kumwambia mumewe. Walikwenda mpaka Pforzheim, mwendo wa kilometa mia moja na kidogo. Ndiyo safari ndefu ya kwanza ya motokaa inayojulikana. Mafuta walinunua katika duka la dawa mjini Wiesloch. Breki zilipolika, Bi. Bertha alimwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Penye milima wale vijana walishuka wakasukuma. Na njiani kote iliwabidi kutafuta maji, maana yaliyotiwa yalikuwa yamekwisha kupanda mbinguni.

Sasa angalia sana jambo hili, msomaji. Gari la Bi. Bertha halikuwa bovu. Kuchemka ndiko kulikokuwa kupoa kwake. Kuongeza maji ilikuwa ni sehemu ya uendeshaji, kama vile kuongeza mafuta. Dereva wa leo anayebeba dumu na kuongeza maji kila mlima anafanya kazi ya mwaka 1888 kwa gari lisilotengenezwa hivyo. Jinsi magari yalivyobadilika, ndiyo habari tunayoifuata sasa.

MASEGA YA MAYBACH NA KAZI YA UPEPO

Injini zilipozidi nguvu, kuchemka na kuongeza hakukufaa tena. Ilipasa maji yale yale yapozwe na kurudishwa kazini. Aliyelifungua fumbo hili vizuri ni Wilhelm Maybach, fundi mkuu wa kiwanda cha Daimler huko Cannstatt. Gari lililopewa jina la Mercedes, lililoshinda mashindano ya Nice huko Ufaransa mwezi wa Machi mwaka 1901, lilikuwa na nguvu za farasi 35, nguvu kubwa kwa siku zile. Mbele yake Maybach aliweka rejeta iliyofanana na sega la nyuki. Ilikuwa na vijibomba 8,070, kila kimoja chenye upana wa milimeta 6 kwa 6. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, na maji yalipita katika nafasi nyembamba baina yake. Maji yaliyohitajika yalikuwa lita 9 tu.

Siri yake ni nini? Ni ile ile ya chai ya moto. Chai ndani ya kikombe hupoa polepole. Ukiimimina katika kisahani hupoa mara moja, kwa sababu sehemu kubwa yake inagusana na hewa. Rejeta ni visahani maelfu.

Lakini rejeta bila upepo ni bure. Gari likienda mbio, upepo huja wenyewe. Likisimama au likipanda mlima polepole, hakuna upepo, na hapo ndipo injini inapofanya kazi ngumu. Kwa hiyo Maybach aliweka feni nyuma ya rejeta, ivute hewa hata gari linapokwenda pole. Kwa miaka mingi feni ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Magari mengi ya siku hizi yana feni ya umeme, inayojiwasha maji yanapopata moto.

Utaniuliza, mbona yapo magari yasiyo na maji kabisa? Ni kweli. Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la kobe, haikuwa na rejeta. Ilipozwa kwa hewa iliyosukumwa na feni kubwa. Iliaminiwa sana katika nchi zetu, ikashinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Lakini hata gari lile mkanda wake wa feni ukikatika, lilikuwa haliendi mbali kabla ya kuungua. Hapo twajifunza kwamba mwisho wa yote joto lazima lipewe hewa. Maji ni mchukuzi tu baina ya chuma na upepo.

GARI LA FORD LISILO NA PAMPU

Mwezi wa Oktoba 1908, huko Marekani, Henry Ford alitoa motokaa yake ya Modeli T. Mpaka mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo. Magari 2,500 hivi ya kwanza yalikuwa na pampu ya maji. Kisha Ford akaiondoa ili kupunguza gharama, akayategemea maji yajizungushe yenyewe. Umekwisha kuona maji katika sufuria: yaliyopata moto hupanda juu, yaliyo baridi hushuka chini. Ndivyo ilivyokuwa katika Modeli T. Maji ya moto yalipanda kutoka kwenye injini, yakaingia juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi chini ya injini.

Njia hii ilikuwa rahisi na haikuwa na cha kuvunjika. Lakini ilikuwa na masharti mawili. Sharti la kwanza, maji yasipungue chini ya mdomo wa bomba la juu. Yakipungua, mzunguko unakatika. Sharti la pili, mwendo wa maji ulikuwa wa polepole, na penye mlima mrefu haukutosha. Modeli T ikajulikana kwa kuchemka milimani. Ford alipoleta Modeli A mwishoni mwa mwaka 1927, alirudisha pampu.

Pampu hunyamaza kwa miaka, kisha huleta shida kwa njia mbili. Yaweza kuvuja mahali mhimili wake unapotokea, nawe utaona alama ya matone chini yake. Au mapezi yake yaweza kulika kwa kutu, ikazunguka bila kusukuma maji. Na katika magari mengi mkanda unaozungusha pampu ukilegea, maji hayaendi inavyopasa ingawa pampu yenyewe ni nzima.

MLANGO UNAOJIFUNGUA

Pampu ikaleta shida mpya. Maji yalizunguka kwa nguvu tangu injini inapowashwa, hata asubuhi ya baridi. Injini haikupata moto upesi. Nayo injini iliyo baridi mno hula mafuta mengi, na oili yake huchafuka. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka kijilango katika njia ya maji, yaani thamostati. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu. Yakifika joto linalotakiwa, aghalabu baina ya digrii 80 na 90, mlango hufunguka yakaenda kwenye rejeta.

Thamostati za kwanza zilikuwa kama mvukuto mdogo wenye kimiminiko ndani. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Sergius Vernet alitengeneza ile inayotumia nta. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma mlango. Mpaka leo magari mengi hutumia nta.

Kifaa hiki kinaonewa sana. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaotoa thamostati na kuitupa, wakisema, "Hii ni ya nchi za baridi." Neno hilo si kweli. Kazi ya thamostati ni kuweka joto la injini mahali pamoja, Mombasa kama Mbeya. Tena, katika injini nyingi ikifunguka huziba pia ile njia fupi ya ndani. Ukiitoa, maji mengi hupita njia fupi bila kuonana na rejeta, na gari huweza kuchemsha zaidi. Thamostati iliyokwama ibadilishwe kwa nyingine. Mahali pake pasiachwe patupu.

KIFUNIKO NA MILIMA YETU

Sasa tuje nyumbani. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Lakini kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi na maji huchemka mapema, kiasi cha digrii moja kwa kila meta 300. Nairobi huchemka kwenye digrii 94 hivi. Timboroa, katika nyanda za juu za Kenya, ambako kituo cha gari moshi kiko zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 91 hivi. Fikiri basi: thamostati inafunguka kwenye digrii 85, nayo maji yatachemka kwenye 91. Nafasi iliyobaki ni digrii sita tu, na lori limebeba shehena.

Dawa ya jambo hili ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidhani ni kizibo tu. Ndani yake mna springi. Maji yakipata moto hutanuka na kusukuma, springi inakataa, shinikizo linazidi, na chini ya shinikizo maji hayachemki upesi. Shinikizo la ziada likiwa sawa na lile la hewa ya kawaida pwani, maji hayatachemka mpaka digrii 120 hivi. Vifuniko vya namna hii vilienea katika motokaa za kawaida kuanzia miaka ya 1940 na 1950. Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, gari hurudi katika hali ya zamani: tambarare linakwenda vyema, mlimani linachemsha.

Na ndiyo sababu kifuniko hiki kinaunguza watu. Maji yaliyo ndani ya rejeta ya moto yaweza kuwa na digrii 110 bila kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Ukifungua kifuniko, shinikizo huondoka ghafula, na yote huchemka mara moja. Hurukia uso, kifua na macho ya aliyefungua. Kitambaa hakitoshi kukulinda. Usifungue rejeta mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua. Hili nakuomba uliweke moyoni, hata kama utayasahau mengine yote.

Wapo madereva wetu waliojua haya yote kwa taabu. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta. Malori yakaanza kuchukua mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968 mzigo ulipungua. Fikiri lori lenye shehena likipanda Kitonga kwa gea ya chini: upepo hakuna, injini inanguruma, rejeta imejaa vumbi na matope. Vifaa vyote tulivyovitaja vinatahiniwa kwa wakati mmoja. Kitonga ipo mpaka leo, nao mtihani ni ule ule.

MTAMBO ULIOFUNGWA

Hatua ya mwisho ndiyo inayohusu dumu letu. Hapo zamani maji yaliyotanuka yalimwagika barabarani, na dereva alilazimika kuongeza. Mwaka 1961 kampuni ya Renault ya Ufaransa ilitoa gari lake la Renault 4, miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kuwa na mtambo wa maji uliofungwa. Maji yakitanuka yalikwenda katika chombo cha akiba; yakipoa yalirudi. Hakuna kilichopotea. Magari ya siku hizi yamefuata mtindo huo, ndiyo maana unaona chupa ya plastiki kando ya injini.

Ndani yake hayatakiwi maji matupu. Hutiwa kulanti, ambayo kwa kawaida ni maji yaliyochanganywa na ethilini glaikoli na dawa za kuzuia kutu. Glaikoli ilitengenezwa mara ya kwanza na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1856, na ilianza kuuzwa Marekani kwa ajili ya motokaa mwaka 1927, ili maji yasigande wakati wa baridi. Sisi hatuna barafu barabarani, lakini faida mbili zatuhusu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye digrii 107 hivi hata bila shinikizo, na dawa zake huzuia kutu. Maji ya visima vingi yana chumvi, nawe umeona ukoko mweupe ndani ya birika la nyumbani. Ukoko huo huo huziba vijibomba vya rejeta. Lakini jihadhari: glaikoli ni tamu nayo ni sumu kali. Isiachwe mahali ambapo mtoto au mbwa ataionja, wala isiwekwe katika chupa ya soda.

Basi umeona tulikofika. Gari la 1888 lilitengenezwa lipoteze maji. Gari la leo limetengenezwa lisipoteze hata kidogo. Likiomba maji kila siku, linakuambia kuna tundu mahali, na kumimina dumu bila kulitafuta ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo.

JINSI YA KULIHOJI GARI

Sasa tutumie historia yetu. Kabla ya kufungua kitu chochote, uliza maswali haya kwa taratibu.

Kwanza, je, maji yanapungua? Tazama gari likiwa limepoa. Kama yanapungua, tafuta alama ya maji au ya rangi iliyokauka kwenye mipira, kwenye maungio ya rejeta na chini ya pampu. Minya mipira kwa mkono: iliyopasukapasuka au iliyolainika mno haifai.

Pili, kama yanapungua nawe huoni yanakovuja, uliza kama yanaingia ndani ya injini. Baina ya bloku na silinda hedi mna gasketi. Ikiungua, maji huingia katika silinda yakatoka kama moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto. Au huingia katika oili, nayo ikawa kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Au hewa ya silinda huingia katika maji, ukaona mapovu yasiyokoma katika rejeta. Ukiona moja la haya, usiendelee na safari.

Tatu, linachemsha wakati gani? Kama linachemsha mjini penye msongamano na kupoa barabara kuu, upepo ndio unaokosekana. Tazama feni, mkanda wake, au fyuzi yake kama ni ya umeme. Kama mjini ni zima lakini linachemsha likienda mbio au likipanda, upepo upo lakini maji hayapiti ya kutosha. Shuku rejeta iliyoziba ndani, au iliyozibwa nje kwa matope, wadudu na mbegu za majani, au pampu iliyolika.

Nne, je, linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa? Gusa rejeta kwa tahadhari. Kama injini inaungua na rejeta ni baridi, mlango haukufunguka. Thamostati imekwama.

Tano, je, maji hayapungui kwa kuvuja wala gasketi si mbovu, lakini mlimani yanatapika kwa kifuniko? Badilisha kifuniko, na uchague chenye shinikizo lile lile lililoandikwa na watengenezaji.

Sita, kama yote ni mazima, huenda injini inatengeneza joto kuliko haki yake: breki zinakwama, oili imepungua, au moto wa plagi umewekwa vibaya. Hapo mwite fundi.

Tuseme mtu ana pikapu ya kuchukulia mboga sokoni. Kila akifika sokoni penye msongamano mshale hupanda. Akitoka kwenye barabara kuu hushuka. Amekwisha kununua rejeta mpya, na mambo ni yale yale. Angeuliza swali la tatu kwanza, angeitazama feni, pengine angeona fyuzi imekatika. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kabisa. Rejeta ni mshahara wa watu. Na angeendelea kulazimisha gari, hedi ingepinda, naye angekosa gari na biashara pamoja. Kuuliza hakuna gharama. Kubahatisha kuna gharama.

Neno la mwisho kwa dereva aliye njiani. Mshale ukipanda, usijipe moyo kwamba utafika. Simama mahali pa usalama, zima injini, ngoja nusu saa au zaidi. Usimwagie injini ya moto maji baridi, maana chuma chaweza kupasuka. Na kama mshale uliokuwa juu umeanguka ghafula huku mvuke unatoka, usifurahi. Huenda maji yamekwisha kabisa, na kipimo kinapima hewa tupu. Na ukiongeza maji ili ufike kijiji cha mbele, ongeza, lakini ujue kwamba bado hujatengeneza kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kuongeza maji ilikuwa sawa kwa Bi. Bertha Benz mwaka 1888, na si sawa kwa gari la leo?

2. Mtu anakushauri utoe thamostati kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Utamjibuje?

3. Gari linakwenda vyema Tanga, lakini linachemsha likipanda Lushoto. Tajeni sababu tatu, na kila moja mtaipima namna gani?

4. Mwenzenu anataka kufungua rejeta inayofuka mvuke kwa kutumia kitambaa. Mwelezeni, kwa maneno yenu wenyewe, maji yale yatafanya nini na kwa sababu gani.

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Na kama miongoni mwenu yuko dereva au fundi, mpeni nafasi aseme yale aliyoyaona kwa macho yake. Kwaherini.